Kamba wa Kazi, Si wa Nazi

Anubiasi ni mmea wa hukuhuku kwetu Afrika, uliozoea vivuli vya misitu ya magharibi na kati, lakini kwenye tangi la samaki sebuleni kwangu Tabata ulikuwa mahututi. Majani yake hukua taratibu mno, na mwani hupenda jani lisilo na haraka: huligandia, hulifunika, mwisho likakosa mwanga. Muuza samaki akanishauri ninunue kamba.

Shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya harusi, harusi ikaisha yeye akabaki, aliuliza bei. Nilipomtajia akanitazama kwa huruma. "Kwa hela hiyo, sokoni Feri ungepata kilo nzima. Tena wanaoonekana."

Nikamweleza kuwa hawa ni wa kazi, si wa nazi. Mjapani Takashi Amano ndiye aliyewapa umaarufu miaka ya 1980, alipowatia kwenye matangi yake ya mimea wamle mwani. Jina lake likawaganda. Shangazi akavuta kiti. Kamba wakapanda jani, vikono vya mbele vikidonoa na kupeleka mdomoni, cha kulia, cha kushoto, kama bibi anayechambua mchele. Jani zima hawalidhuru, lililooza hulimaliza. (Nimewahi kuajiri watu wasiojua tofauti hiyo.)

Alfajiri moja nikaamshwa kwa kilio cha msiba. Marehemu amelala chali, mweupe, sharubu na miguu vyote vipo. Mimi nikamtuhumu samaki, Shangazi akalaani maji ya bomba. Tulipomgusa kwa kijiko, ndani hamna mtu! Kamba alikuwa amejivua gamba, akajificha nyuma ya jiwe mpaka jipya likomae.

Mwingine alitoroka tangini usiku, akakutana na Shangazi akienda msalani. Kandambili ikaruka. Kamba alipona, televisheni ndiyo inaangaliwa na fundi.

Anubiasi sasa inachipua, na Shangazi ndiye msimamizi. Juzi aliona mmoja ana mayai tumboni, akataka kujua watoto wanakuja lini. Nikamwambia hawatapona humu, maana vifaranga vya aina hii huhitaji maji yenye chumvichumvi, kama ya pale mto unapokutana na bahari.

"Si Pangani hiyo," akasema. "Mwanamke kujifungulia kwao Tanga ni jambo la kawaida. Kata tiketi mbili, mimi nitampakata."