Hata Mimi Ningefunga

Kuna maneno matatu nimeyasema maisha yangu yote: "Hata mimi ningefunga." Nimeyasema kwenye vibanda umiza, nimeyasema kwenye daladala, nimeyasema hata msibani tukiwa chini ya turubai tunasubiri wali. Kwa sauti kubwa kuliko zote niliyasema usiku wa tarehe 2 Julai 2010, Asamoah Gyan alipopiga ile penalti ya Ghana dhidi ya Uruguay kwenye Kombe la Dunia, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, mpira ukagonga mtambaa wa panya. Afrika nzima ililia. Mimi sikulia, mimi nilipandisha mori. Nilipanda juu ya kiti cha plastiki nikamweleza Gyan, yeye yuko Johannesburg mimi niko Tandika, kwamba mita 11 ni kutoka chooni kwetu hadi jikoni, na kwamba lango lina upana wa mita 7.32, yaani hata daladala ya Mbagala inapita hapo konda akiwa ananing'inia mlangoni.

Kiti kilivunjika. Nikalipa.

Sasa hivi karibuni ofisini kwetu likaandaliwa bonanza, Utawala dhidi ya Uhasibu. Mimi ni karani wa masjala, na ofisi siitaji kwa sababu bosi wetu husoma gazeti kuliko anavyosoma majalada. Kocha wetu, ambaye siku za kazi ni dereva wa mkurugenzi, akauliza nani anacheza namba 9. Watu wote wakanigeukia. Miaka 20 nimewachambua washambuliaji wa nchi hii asubuhi na mapema kabla chai haijaletwa, ningesema nini? Nikasema nipo.

Viatu vya njumu niliazima kwa kijana wa jirani, namba 42, mimi navaa 43. Jezi ilinikaa vizuri mabegani; kuanzia hapo kwenda chini kitambi kilijiamulia chenyewe. Mama watoto alinikuta najigeuza mbele ya kioo, akauliza jambo moja tu: "Baba watoto, kadi ya bima umebeba?"

Niwaambie ukweli kuhusu uwanja: runinga inadanganya. Uwanja wa mechi za kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, lakini ukiutazama kibandani winga anatoka huku anafika kule hujamaliza kumenya karanga mbili. Wetu ulikuwa wa shule ya msingi, mdogo kuliko huo, una mwembe nyuma ya lango moja, na bado nilipouangalia toka katikati niliona kama naagwa. Dakika ya kwanza nilikimbia kwa mbwembwe nikawapungia mkono watu wa masjala. Dakika ya 3 beki wetu akabutua mpira mbele, nikaufuata, nikaufuata, nilipofika ulikuwa umeshatoka na umesharudishwa na watoto. Nikashika magoti. Dakika ya 6 nilianza kuona nyota, na ilikuwa saa 10 na nusu, jua linawaka.

Kiungo wa kulipwa hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Hesabuni wenyewe: ni kama kutoka Posta mpaka Ubungo, mwendo wa kukimbia, na njiani kuna watu kazi yao ni kukukata mtama. Mimi umbali huo nikiupita kwa mwendokasi, nimekaa, nafika nimechoka. Na kuna kiungo mmoja niliwahi kumwita gunia la mkaa mechi nzima, eti anatembea. Anatembea! Mimi hata kutembea kulikuwa kumeshanishinda.

Lakini miguu niiache, miguu ina dawa yake. Kilichonimaliza ni midomo.

Watazamaji walikuwa kama 80: wafanyakazi wenzetu, watoto wa mtaa, muuza ubuyu na mama mmoja wa mihogo ya kukaanga. Kuna mtoto, sidhani kama ana miaka 8, anafyonza barafu ya ukwaju, akanipigia kelele: "Babu, kaba!" Babu! Nina miaka 47. Mama wa mihogo, ambaye nusu saa nyuma aliniuzia vipande viwili na kuniita kaka, akasema bila kunong'ona, "Mtoeni huyo baba jamani, atatufia hapa tukose biashara." Watu wakaangua kicheko, na kipa wetu, wa timu yangu mwenyewe, akacheka mpaka akashika nguzo. Ndipo pasi ikanijia, ya kwanza. Nikasikia kwa wakati mmoja "Piga!", "Toa!", "Geuka!" na "Mwanaume huyo nyuma!", amri nne kutoka kwa watu wenye mihogo mdomoni. Nikautuliza kwa ugoko. Ukatoka nje.

Hao ni watu 80. Uwanja wa Mkapa unaingiza 60,000, na mimi nimo humo mara nyingi tu, pale mzunguko, nimekata tiketi ya bei ya chini kabisa, na kwa tiketi hiyo najiona nimenunua mguu wa kushoto wa beki namba 3, mama yake na ukoo wao wote. Siku ya mechi ya watani ndiyo msiulize. Nimewahi kumtukana mchezaji kwa dakika 70 mfululizo, halafu jirani yangu akaniambia huyo hajaingia, yuko benchi.

Dakika ya 9 beki wa Uhasibu akaunawa mpira ndani ya boksi. Refa akaonyesha nukta ya penalti. Hakuna aliyenyanyua mkono kuomba apige. Waliuchukua mpira wakaja kuniwekea mikononi kama watu wanaorudisha deni. Na kocha akasema kwa upole mbaya sana, "Mzee, mita 11."

Nilipouweka chini, lango likaanza kusinyaa. Naapa. Ile daladala ya Mbagala isingepita tena, hata bajaji ingekwaruza vioo. Golini alisimama mhasibu mwembamba anayeshughulikia posho zetu za safari, mtu ambaye kazini hajawahi kuharakisha chochote, leo anarukaruka kama amekanyaga siafu. Nikarudi hatua tano. Kichwani nikawaza kulia. Njiani nikabadilisha, nikawaza kushoto. Mguu haukuambiwa. Mpira ukapaa, ukaingia kwenye mwembe, zikaanguka embe 2 mbichi. Watoto wakashangilia embe.

Katika kimya kile cha watu wazima mama wa mihogo akatamka, taratibu, anageuza vipande kwenye karai: "Hata mimi ningefunga. Na dera langu hili."

Nikaomba sub. Nikaenda kukaa nyuma ya gari la mkurugenzi, mahali ambapo hakuna anayeniona, na hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo usiku ule wa 2010 hasira haikuniruhusu kulitazama. Baada ya kugonga mwamba, dakika chache tu, yalipoanza matuta, mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa Gyan huyohuyo. Alirudi kwenye nukta ileile, akapiga, akafunga. Ghana ilitolewa kwa matuta 4–2, lakini si kwa kosa la tuta lake. Mimi kutoka nyuma ya gari nilitolewa na mlinzi, magharibi imeshaingia, watu wameondoka.

Tangu siku hiyo nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika chuma, na wakati nashuka nawaza. Hivi mimi, kazi yangu hii ya masjala ninayoijua usingizini, ningeiweza kama ingefanywa kwa masharti ya mpira? Watu 60,000 wananitazama natafuta jalada. Mgongoni nina jina na namba. Mtangazaji redioni: "Karani anainuka... analiendea kabati la pili... la hasha! Kabati silo!" Mzunguko mzima, "Mtoe! Mtoe!" Kisha picha za marudio, polepole, pande nne, zinaonyesha wazi kwamba barua ilipoingia mimi nilikuwa nasikiliza sauti ya shemeji kwenye simu. Usiku wachambuzi watatu wamevaa suti wananichorea duara jekundu: hapa angeanza na herufi M. Na kuna kijana wa Buguruni mkeka wake umechanika kwa sababu yangu, aliweka shilingi 1,000, ananitafuta.

Nisingemaliza wiki. Ningeugua siku ya kwanza saa 4 asubuhi.

Halafu umri. Mchezaji akifika miaka 33 tunamwita mzee, akikosea pasi tunauliza kwa nini hastaafu. Mimi nikiwa na 33 masjala waliniita kijana wetu wakanituma maandazi. Nastaafu nikifika 60, na hakuna atakayesema nimeshuka kiwango, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona.

Fundi viatu wa kijiweni kwetu anasema haya yote yanafutwa na mshahara, wanalipwa mamilioni. Wapo. Wapo pia wa madaraja ya chini hapahapa ambao mshahara huwajia kama mvua ya Dodoma, na matusi huwajia kila wiki. Fundi huyo ndiye aliyesema Samatta amekwisha, mwaka uleule wa 2020. Mtoto wa Mbagala aliingia Aston Villa mwezi Januari, tarehe 1 Machi akawafunga Manchester City kwa kichwa, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Villa walipoteza 2–1. Kufika Septemba, alipokwenda Uturuki, sisi kijiweni tulishamzika. Na nani aliyeitikia "kweli kabisa" huku akipuliza kahawa? Namjua. Anashuka ngazi kinyumenyume.

Basi. Uhasibu wameomba marudiano Jumamosi ijayo, saa 10 jioni, uwanja uleule, na Utawala haina namba 9. Jezi nimeifua, inatosha mtu wa kitambi. Viatu ni namba 42. Wewe unayesema hata wewe ungefunga, njoo masjala, mlango wa pili kushoto, uvichukue. Mimi nitakuwepo pia, nitakaa karibu na mama wa mihogo.