Jipu Langu na Wageni wa Kibera

Jipu lilianza Jumatatu kwenye paja la kulia, dogo kama punje ya dengu. Kufikia Jumatano suruali haipandi. Mke wangu akanifunga leso, nikakaa kitandani hapa Gatina kama mwari, na habari zikafika Kibera kabla sijameza dawa ya maumivu.

Wakatua shemeji zangu wawili kutoka Laini Saba. Walisogeza kochi, wakakausha mtungi wa maji, kisha yule mkubwa akatangaza kwamba jipu dawa yake ni kukamuliwa. Akakamua. Nilipiga yowe hadi mama wa chapati akaja na mwiko mkononi.

Jioni mpwa wangu, anayesomea uuguzi, alitufokea. "Mjomba, mnawasukuma bakteria ndani!" Na huyu akishashika somo, chai hupoa. Bakteria wakiingia chini ya ngozi, alisema, seli nyeupe ziitwazo neutrofili huwahi ndani ya saa chache. Humeza adui, humwaga sumu inayounguza hata nyama isiyo na kosa, halafu hufa papo hapo. Usaha kwa sehemu kubwa ni maiti za neutrofili hizo.

"Na nani huzituliza?" niliuliza, jicho kwa shemeji.

Makrofaji, akasema. Hizi ni seli nyeupe nyingine: hula maiti za neutrofili, na kule kula kwenyewe huzigeuza: huacha kuita vita, huanza kutuliza na kukarabati. Mwili pia hutengeneza rizolvini, kutokana na mafuta kama yale ya samaki, ili neutrofili mpya zisiendelee kumiminika. Shemeji mdogo aliposikia samaki akauliza kama kuna omena.

Ijumaa nilipasuliwa jipu zahanati, likasafishwa. Shemeji wakabaki.

Jumamosi akaingia shangazi kutoka Makina. Hakukaa. Alikula ugali uliolala, akaokota vikombe chini ya kochi, akafagia hadi miguuni mwa shemeji. "Mgonjwa si mmeshamwona?" Saa nne walikuwa stejini. Kisha akachemsha maji yote ya kunywa, typhoid anaijua. Mpwa akadakia kwamba vijidudu vya typhoid, ambavyo watafiti wa KEMRI walivifuatilia kwa miaka pale Gatwekera, Kibera, hujificha na kuzaana ndani ya makrofaji zenyewe. Shangazi akamwambia ateke maji.

Hii ni wiki ya tatu. Pajani imebaki alama nyeusi. Shangazi bado yupo, na jana amebadilisha pazia.