Ipe Chemba Yetu Namba ya Nyumba: Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Kwa Mamlaka Husika,
Popote Ulipo,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA ANWANI YA MAKAZI KWA CHEMBA ILIYOZIBA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwanza pole na majukumu. Tunajua yamekuelemea, maana kila tulikobisha hodi tumeambiwa kazi hii ni yako. Mjumbe alitutuma kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwenyekiti akatutuma kwa Mtendaji, Mtendaji akatuelekeza kwa watu wa maji, watu wa maji wakasema hayo ni ya Bwana Afya. Bwana Afya alifika, akaziba pua kwa leso, akaandika kitu kwenye daftari, kisha akatamka kwamba suala hili liko chini ya mamlaka husika. Ndipo tukaona bora tukuandikie mwenyewe.

Chemba yenyewe iko kwenye kichochoro, nyuma ya nyumba zetu nne. Kila nyumba imeingiza humo bomba lake la inchi nne, na maji yote hutoka kwa bomba moja la inchi sita kwenda barabarani. Yaani yanapaswa kutoka. Kwa sasa yanaingia tu. Mfuniko wa zege umeinuka upande mmoja, na maji ya kijivu yenye povu la sabuni yanapenya chini yake, yanaambaa na ukuta mpaka uani kwetu, sisi tulio bondeni. Wanasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyoelea kwetu havikupita kwa fundi yeyote, Mheshimiwa, lakini vinaelea.

Usidhani majirani tumelala. Tulikaa kikao. Nyumba ya Juu walisema kwao maji yanashuka vizuri kabisa na hawaoni tatizo. Ni kweli, tatizo lao likishashuka linakuwa letu. Nyumba ya pili ni ya wapangaji, wakasema hilo ni la mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaishi Mbezi, huja tarehe za kodi, huhesabu hela zake barazani akaondoka kabla upepo haujageuka. Nyumba ya tatu wanakaanga chipsi. Waliapa kwamba mafuta yao huyamwaga yangali ya moto, kwa hiyo yanateleza. Hata hilo ni kweli, yanateleza mpaka yapoe. Yakishapoa huganda bombani, yakanasa mchanga wa kusugulia masufuria, na mchanga ukaisubiri pampasi ya kwanza itakayopita.

Tulimwita fundi. Akaingiza fito, akasukuma, akavuta, akatoa bonge jeupe kama kipande cha sabuni ya mche. Alipolipasua, ndani mlikuwa na nywele za bandia, kijiko cha chai na soksi ya mtoto. Nyumba zote nne tukaiangalia ile soksi. Hakuna aliyewahi kuiona. Fundi akachukua ujira wake, akatwambia kuna pengine palipoziba mbele zaidi, chini ya barabara, na barabara haichimbwi bila kibali. Tulipouliza kibali hutolewa na nani, bila shaka jibu unalijua.

Kuhusu umiliki, tumekuelewa vizuri. Tulipolalamika kwamba chemba imeziba, wataalamu wako walisema iko ndani ya viwanja vyetu, ni mali yetu. Tulipochanga tuijenge upya na kubadilisha bomba, wakasema iko kwenye njia ya huduma, ni mali ya Serikali, tusiiguse. Kwa hiyo ikiziba ni yetu, tukitaka kuizibua ni yako.

Nasi tumetafakari kwa nini hujaiona, maana kwa kutafuta watu wewe huna mpinzani. Tangu 2021 kodi ya jengo tunakatwa kwenye luku. Mtu akinunua umeme usiku wa manane, uko naye. Mwaka 2022 ulipita na operesheni ya anwani za makazi, nyumba zetu zikapata namba. Kwenye bili ya maji, ule mstari wa maji taka haujawahi kusahaulika, hata mwezi ambao maji taka hayajatuaga. Tunalipia usafiri wa mzigo ambao bado tunaishi nao. Kasoro ni ya chemba yenyewe: haina namba, haina mita, haidaiwi. Utaijuaje?

Kwa unyenyekevu tunaomba:

1. Chemba ipewe namba ya nyumba, na kibao chake kisimamishwe kichochoroni.

2. Ifungiwe mita ya luku. Haitumii umeme, lakini ikianza kudaiwa utafika.

3. Iandikishwe kwenye daftari la wapiga kura. Msimu wa kampeni wagombea huingia hata vichochoroni, wakasalimia kila mtu kwa jina.

Tunaomba haya kabla ya masika. Unajua desturi ya jiji hili: mvua kubwa ikishuka usiku, watu hutapisha vyoo, maji yakabeba, na asubuhi kila mtu anauliza harufu inatoka wapi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na mgambo wako huikumbuka zaidi pale penye faini. Lakini mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka hapa Dar es Salaam na kusambaa mikoani, hakikuhitaji kibao ili kujua nyumba ya kuingia. Ofisa wako mmoja ametushauri tuvumilie, tutazoea. Wahenga nao walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hawakuwa na chemba ya pamoja.

Kama maombi yote matatu ni mazito, tutumie mtu mmoja tu, mwenye fito ndefu na kibali kifupi. Kupasua barabara tutamsaidia, na kufukia tutafukia wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wakazi wa Nyumba ya Bondeni

Nakala:
Mwenye soksi: Imehifadhiwa kwa fundi.
Mwenye nyumba, Mbezi: Karibu hata tarehe isiyo ya kodi.
Nyumba ya Juu: Kwa taarifa. Bomba likijaa hadi mwisho, maji hurudi yalikotoka.