Muulize Bibi Kamusi: Nakutegemea kwa Kiingereza

Bibi Kamusi, shikamoo. Mchumba wangu yuko masomoni Leeds, Uingereza. Nilitaka ajue namtegemea, nikamwandikia "I am your dependant." Tangu hapo kimya, ila dada yake kaniuliza kama nimeacha kazi. Nimekosea wapi? – Moyo Mzito, Tanga

Marahaba, mwanangu. Hukukosea hata herufi moja, na balaa lilianzia hapo. "Dependant" kwa Mwingereza ni yule anayejazwa kwenye fomu ya bima: mtoto, mama mzee, mwenza asiye na kipato. Ukiandika kwa e, "dependent", inakuwa sifa ya kutegemea tu (Wamarekani hawajisumbui, kwao ni e kotekote). Tena umeipeleka Leeds! Huko ni neno la uhamiaji, jina la mwenza au mtoto anayeomba viza ya kumfuata mwenye viza. Na tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni wanaoanza masomo huko hawaruhusiwi kwenda na wategemezi. Binti wa watu kaona unaomba kulelewa, na unaomba jambo ambalo huenda hata serikali haimruhusu.

Sisi kutegemea kwetu ni kumoja, kunabeba mvua, mshahara, Mungu na shemeji. Wao wamekugawa vipande. "Depend" asili yake ni Kilatini, kuning'inia: kamba ikikatika, uko chini. "Rely" ni kumtegemea mtu uliyekwisha kumjaribu ukaona hakuangushi. Azimio la Arusha la 1967 kwa Kiingereza lilisema "self-reliance" pale tuliposema kujitegemea, na nadhani walichagua vyema. "Count on" ni ya ahadi, nimekuweka kwenye hesabu yangu, usije ukakosekana. "Lean on" ni ya msiba na siku ngumu, lakini uwe nayo makini: ukisema fulani "is leaning on me", watu wanaweza kuelewa kwamba anakubana ulipe.

Mwandikie "I know I can count on you." Kisha mpigie simu, mzungumze Kiswahili.

Bibi, nilipaka rangi ofisi ya watu. Kudai changu, nikaletewa barua: "Payment is subject to availability of funds." Nitalipwa lini? – Fundi Rangi, Thika

Pole, fundi. "Subject to" hapo ni "endapo", na endapo hiyo haina tarehe. Wangeandika "hinges on", ungejua kuna bawaba moja tu ya kusukuma, pengine sahihi ya mkubwa. Wangeandika "we are banking on", ungejua nao wanangoja fedha za mtu mwingine. Wakikuita upake ghorofa ya pili, usiiguse.

Bibi Kamusi, mimi nimesoma kwa Kifaransa. Kila nikisema "it depends of the weather", bosi wangu mpya anacheka. Hiyo "of" ina kosa gani? – Karani, Bujumbura

Karani, umeirithi kwa "dépendre de", wala si wewe peke yako. Kiingereza kinataka "on": depend on, dependent on. Ila ukishajinasua ukawa huru, "of" yako unarudishiwa: independent of. Mantiki usiulize. Na siku bosi atakapoteleza akasema "it is depending on the weather", cheka wewe. Mtu akimtegemea mtu, "I'm depending on you" ni halali. Jambo likitegemea jambo, hiyo -ing haitakiwi.

Bibi, mwanangu wa darasa la sita kaandika kwenye insha: "My father is addicted on his phone." Baba yake kakasirika, anataka karatasi ichanwe. Nifanyeje? – Mama Watatu, Kigamboni

Mama Watatu, neno ni zito, baba anayo haki ya kushtuka. Kwa Warumi wa kale, "addictus" alikuwa mdaiwa aliyeshindwa kulipa, hakimu akamkabidhi kwa mdai wake amtumikie. Siku hizi mdai anauza bando. Lakini karatasi isichanwe. Mtoto kachanganya vihusishi: "hooked" ndiyo inayochukua "on", kama samaki kwenye ndoana, "addicted" inachukua "to". Mkate maksi moja. Mengine yote kayaandika sawasawa.