Moshi Utaelekea Wapi?

Ndugu yangu, kama na wewe umeoa kwenye ukoo wenye vichwa vingi vya biashara, utanielewa hata nisipojieleza sana. Mke wangu alitutangazia mezani, tukila ugali na dagaa, kwamba fedha za kikoba zimegawanywa na sasa anafungua baa ya michezo: luninga kubwa, mpira kila wikendi, nyama choma, kuku, mishikaki na ndizi za kuchoma. Hapakuwa na mjadala. Alichobakiza ni suala la eneo, na hilo akalikabidhi kwa ukoo mzima. Tangu jioni ile nyumba yetu ya Tabata haijui kulala mapema.

Nikutajie wahusika. Mama Kulwa mwenyewe, ambaye mimi humwita Hazina, ana kaunta buku anayoandika kila senti, na ikifunguliwa watu wote tunakaa vizuri kwenye viti. Shemeji yangu ni Injinia, jina alilolipata siku aliyotengeneza feni ya mama yake, feni ikazunguka mpaka leo haijui kusimama. Mama mkwe ni Bi Mawingu. Kazaliwa Bagamoyo kwa baba mvuvi, na havuki kizingiti kabla hajatazama juu. Shangazi yangu ni Redio, na sababu unaijua kwa sababu na wewe unaye wa kwako. Halafu kuna watoto wangu pacha, Kulwa wa Simba na Doto wa Yanga, ambao tangu wazaliwe siku moja hawajakubaliana jambo lingine.

Wa kwanza kuleta wazo alikuwa Injinia. Alitaka Temeke, karibu kabisa na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Akapiga hesabu kwa sauti: uwanja una viti 60,000, umefunguliwa tangu 2007, CHAN iliyochezwa 2025 imefunguliwa palepale, na AFCON ya 2027 wenyeji ni sisi, Kenya na Uganda. Hazina alimwacha amalize, akageuza ukurasa. "Simba na Yanga wanakutana kwenye ligi mara mbili kwa msimu. Siku nyingine nimuuzie nani, nyasi?"

Nilimwangalia mke wangu kwa heshima kubwa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwenye tiketi yuko ndani ya uwanja, na filimbi ya mwisho ikilia anawahi daladala kabla haijajaa. Anayekaa baa dakika tisini na akaagiza nusu kilo ya mbuzi ni yule ambaye hakwenda uwanjani. Baa ya mpira inalishwa na watu walioko mbali na uwanja, tena inalishwa zaidi na mechi za Uingereza na Ulaya, kwa sababu hizo hakuna mtu wa Tabata atakayetoka nyumbani kwenda kuzitazama Manchester.

Na mechi hizo zina saa zake. Ile ya Jumamosi inayoanza saa 11 jioni kwetu, Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, inahamia saa 12. Ligi ya Mabingwa ndiyo yenyewe hasa: kuanzia saa 4 usiku inasogea hadi saa 5, na wakati huo wa mwaka mteja wako anainuka kwenye kiti karibu saa 7 usiku. Hapo usimwulize amefikaje. Jiulize anarudije. Daladala nyingi zimeshalala, kesho yake ni kazini, na mke wake yuko macho anasubiri mlango ugongwe. Eneo zuri ni lile ambalo mtu huyu anaweza kutoka akafika kwake kwa miguu, kwenye taa, au kwa bodaboda anayemjua kwa jina. Nililisema hilo mezani na nitalisema popote. Redio alinikatiza katikati ya sentensi kuuliza kama dagaa wamebaki.

Basi tukawa tunapakiwa wote kwenye Noah, Jumamosi hadi Jumamosi. Kuzunguka na dalali mmoja ukiwa na ukoo wangu ndani ya gari ni kazi inayostahili posho. Bi Mawingu hukaa mbele. Injinia hupingana na kila njia ninayopita. Pacha hugombania dirisha, na Redio anampigia simu ndugu yeyote anayeishi karibu na tunapopita, kwa hiyo kila safari inaishia kwa watu tukinywa chai.

Kimara tulionyeshwa fremu mbili zilizounganishwa, zinatazama Barabara ya Morogoro moja kwa moja. Magari hayakatiki. Injinia alishashuka kupima pa kutundika luninga. Mimi nilisimama mlangoni nikatazama hayo magari: yalikuwa yanapita. Mabasi ya mwendokasi yana njia yao katikati na vituo vyao, na mtu wa ng'ambo akitaka kuja kwako lazima atafute pa kuvukia. Wingi wa magari haukupi mteja kama hayana pa kusimama. Bi Mawingu hakuhangaika na magari. Alimuuliza muuza vocha wa jirani kama ukuta ule uko ndani ya hifadhi ya barabara. Kijana akacheka. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ile, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi, na watu wa huko hawajasahau zile X nyekundu zilizochorwa kwenye kuta. Dalali akasema fremu hii iko nje ya hifadhi. Hazina akamwomba karatasi. Karatasi haikuwapo, tukapanda gari.

Sinza sitaichelewesha. Ni pazuri, pamechangamka, lakini baa zimepangana ukuta kwa ukuta, na mpangaji anayetoka anadai kilemba kinachotosha kujenga banda jipya na jiko lake.

Mahali ambapo nusura tunase ni kwenye bonde moja, upande wa Mto Msimbazi. Kiwanja kikubwa, miembe miwili ya kivuli, kodi ya chini mpaka Hazina akafungua kaunta buku akiwa bado amesimama. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya krimu, mbichi bado, ila ilianzia chini ikaishia usawa wa madirisha, juu yake ikabaki rangi ya zamani. Bi Mawingu akauzunguka ukuta polepole kwa kanga zake mbili. Nyuma, ambako mpaka rangi hakufika, palikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka pande zote, usawa wa kiuno chake. Akauparua kwa ukucha, akamwonyesha dalali unga wa kijivu kidoleni. "Mwanangu," akamwambia kwa upole, "haya maji yalifika lini?"

Dalali akakumbuka ana mteja mwingine. Njiani Kulwa akamwambia ndugu yake kwamba na makao makuu ya Yanga yako Jangwani, na mafuriko pale si habari ngeni. Doto akalia kwa hasira hadi Buguruni. Nilisimamisha Noah, nikawanunulia miwa wote wawili, safari ikaendelea na amani ya dakika chache.

Aliyetufungua macho alikuwa Doto, siku aliyochelewa kurudi kutoka dukani na mama yake akamkuta nje ya kibanda umiza, anachungulia mpira kwenye tundu la bati. Hazina hakumgombeza. Aliinama, akachungulia naye. Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, joto la bati juu yao, kila mmoja amelipia kiingilio kutazama luninga ndogo, hakuna maji, hakuna hata karanga. Alirudi nyumbani akaniambia, "Baba Kulwa, tumezunguka mji mzima kutafuta watu wa mpira, kumbe wamejazana hapa nyuma yetu." Tangu hapo tukaacha kutafuta fremu, tukatafuta vibanda umiza. Palipo na vibanda viwili vinavyojaa, na hakuna pa kukaa mtu mzima akala vizuri, hapo pana baa inayosubiri kujengwa.

Tukapata fremu Tabata yetu hii hii, karibu na kituo cha daladala, kijiwe cha bodaboda mbele, taa ya barabarani inawaka, uwanja wa pembeni wa kuweka jiko na meza. Kwa nyuma, upande wa kusini, nyumba za watu. Hizo nyumba ndizo zilizomnyima Hazina usingizi. Mwaka 2022 NEMC, baraza la mazingira, ilizifungia baa kadhaa jijini kwa sababu ya kelele, na majirani wanaochoka na kelele watachoka na moshi vilevile. Akaamua tujaribu moshi kwanza.

Wazee wa mtaa bado wanasimulia jioni ile. Tulibeba jiko la mkaa kwenye Noah, mfuko wa mkaa, na mishikaki iliyokuwa chakula chetu cha usiku. Bi Mawingu akafunga kanga kuukuu kwenye mlingoti wa kijiwe, akarudi nyuma kuitazama. Ilikuwa Julai, kusi inavuma. Kanga ikainuka, ikaelekea kaskazini, barabarani, na moshi ukaifuata. Mafuta yalipoanza kudondoka kwenye makaa, abiria waliokuwa wanashuka kwenye daladala waligeuza shingo kwa pamoja.

Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa bodaboda. "Mama, bei gani?" Kabla Hazina hajamweleza kwamba hili ni jaribio, Kulwa alishataja bei. Doto akataja bei ya juu zaidi, wakakubaliana na ya Doto, na hiyo nimeiandika mahali kwa kumbukumbu ya ukoo. Redio akawa anaita watu. Injinia akakimbilia dukani kutafuta pilipili. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza tumepewa kibali na nani, akaelezwa, akasikiliza kwa makini, akasema wenye nyumba za nyuma waitwe waulizwe wao kabla ya karatasi yoyote kusainiwa. Ushauri wa mtu mwenye akili. Kisha akanunua mishikaki miwili na akalipa. Familia yangu ililala kwa chai na mkate.

Bi Mawingu peke yake hakushangilia. "Huu ni kusi," alisema akikunja kanga yake. "Desemba kaskazi ikiingia, moshi wote huu unageuka, unaingia kwenye vyandarua vya watu, mpaka Machi." Kwa amri yake jiko limehamishiwa kona ya mbele, litajengewa ukuta mrefu upande wa kusini na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Majirani walipoitwa, ni huo ukuta waliouulizia kwanza, na Hazina akawaandikia kwenye mkataba.

Kodi tumelipa ya miezi sita badala ya mwaka, mbele ya serikali ya mtaa. Leseni ya vileo inashughulikiwa, na king'amuzi kitakuwa cha kifurushi cha biashara, si hiki cha sebuleni, ingawa luninga ya sebuleni imeshakwenda bila mimi kuulizwa. Usiku wa Ligi ya Mabingwa nimepangiwa mlangoni, kuhakikisha kila mteja anaondoka na bodaboda anayejulikana. Nimekubali kwa moyo wote. Hiyo ndiyo kazi ningeiomba.

Fundi wa ukuta anaanza Jumatatu. Doto anataka upakwe kijani na njano. Kulwa amenunua kopo la rangi nyekundu kwa fedha za mishikaki, akalificha uvunguni. Hazina ameliona, na ameshaliandika kwenye kaunta buku kuwa mali ya baa.