Mama hakuletwa Marekani kutwanga

Baba, nanyi nyote mnaosomewa barua hii hapo Dirma,

Nasikia ile picha imeshafika mpaka Katesh. Baba mdogo kanipigia simu usiku wa manane wa huku, hata salamu hakutoa: "Shemeji yangu kaja huko kupumzika, ninyi mmempa kinu?" Shangazi naye, naambiwa, kaipeleka kanisani iombewe. Basi nieleze kwa utaratibu, maana picha ni ya kweli, kinu ni cha kweli, na yule kijana aliyevaa ngozi nyuma ya Mama si mkwe wenu mwingine.

Watoto walikuwa wamefunga shule. Mkwe wako akasema tusimfungie Mama ndani kama mgonjwa, twende Williamsburg, jimbo la Virginia, tukalale siku moja: Jumamosi michezo, Jumapili historia. Kutoka kwetu Maryland ni kama saa tatu kwa gari, njia ikiwa nyeupe. Haikuwa nyeupe. Barabara ya 95 kusini mwa Washington ilijaa magari hadi Mama akauliza mnada uko wapi.

Hapo pa michezo panaitwa Busch Gardens. Palifunguliwa mwaka 1975 na kampuni ya bia, jirani na kiwanda chao. Mama alipoambiwa hivyo aliwatazama watu wazima waliokuwa wakipiga mayowe juu ya reli, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Wamepajenga kwa mfano wa Ulaya. Unaanza Uingereza, unapita Scotland na Ireland, unatokea Ufaransa, kisha Ujerumani na Italia. Baba, unakumbuka viza moja ya Mama ilivyotutoa jasho, na zile safari za Dar na bahasha ya makaratasi. Siku hiyo kazunguka nchi sita kabla ya saa kumi jioni, na hakuna aliyemuuliza ana mashamba mangapi wala atarudi lini.

Huko Ufaransa ndiko kuna Griffon. Ni vigari vya reli vya kupanda na kuporomoka, wenyewe huita rola kosta. Kinapandisha watu futi 205, kama mita 62 hivi, kinafika ukingoni, halafu kinasimama. Ufundi wao wote uko hapo. Chini ya miguu hakuna sakafu, macho yanatazama ardhi, na kigari kimegoma kama punda aliyeona mto. Unasubiri. Ndipo kinaachiwa, wima, kichwa mbele.

Mkwe wako, ambaye kila Krismasi hutusimulia alivyoupanda Mlima Hanang na kushuka siku hiyohiyo, alikaa mstari wa mbele na kijana wetu. Mama alibaki chini amemshikia kofia.

"Wamelazimishwa?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Wamelipa."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akakaa kimya akipiga hesabu za mbuzi. "Hela hiyo wangenipa mimi," akasema, "ningewatisha vizuri zaidi."

Mkwe wako alishuka akaomba benchi. Tangu siku hiyo habari za Mlima Hanang hatujazisikia tena humu ndani, na mimi sijamkumbusha.

Ili kumchangamsha Mama nikamsimulia kisa cha Italia. Mwaka 1999, siku ya kuzindua kigari chao kiitwacho Apollo's Chariot, walimwalika Fabio, mwanamitindo mashuhuri wa nywele ndefu, akae mbele apigwe picha. Kigari kikiwa kwenye kasi, bata bukini akamgonga usoni, mtu akarudi kituoni pua inavuja damu. Nilicheka peke yangu. Mama aliuliza bata aliishia wapi, na kama kuna aliyemlipa mwenye bata.

Yeye alichokipenda ni treni ya moshi inayozunguka bustani yote polepole. Alipanda akakataa kushuka, akasema huo ndio usafiri wa mtu mwenye akili zake.

Jumapili tukaenda Jamestown. Hapo ndipo Waingereza walipoanzisha koloni lao la kwanza lililodumu Marekani, mwaka 1607. Karibu na mahali penyewe kuna makumbusho makubwa, yapo tangu 1957. Ndani wanaeleza habari za jamii tatu zilizokutana hapo: wenyeji wa nchi, Waingereza, na Waafrika. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli ilifika pwani ya Virginia na Waafrika ishirini na ushei, walionyakuliwa Angola. Siku chache baadaye ikaja nyingine, iitwayo Treasurer, na katika orodha ya watu ya mwaka 1625 yupo mwanamke mmoja, Angela, katika nyumba ya Kapteni William Peirce, na imeandikwa alikuja na Treasurer.

Nilimtafsiria Mama. Akataka kujua binti wa nani, ukoo gani. Nikamwambia orodha haisemi.

"Meli wameiandika," akasema. "Baba yake hawakumwandika."

Tukatoka nje bila maneno mengi.

Nje kuna kijiji kilichojengwa kwa mfano wa Wapowhatan, wenyeji wa pale, na vijana waliovaa ngozi wanaoonyesha kazi za zamani. Mmoja alikuwa anakwangua ngozi ya paa iliyotandazwa kwenye fremu ya miti. Mama aliipapasa, akairidhia. Tatizo lilikuwa kinu. Ni gogo lililochimbwa kwa moto, na kijana alikuwa akiyatwanga mahindi kwa uoga, mkono mmoja, punje zinarukia majani. Mama alivumilia kidogo. Kisha akakaza kanga, akauchukua mchi mkononi mwake bila kusema kitu, akaanza. Mnamjua. Mchi unakwenda juu, anapiga kofi, anaudaka, unashuka, na hakuna punje inayotoka. Watu wakajaa. Simu zikainuka. Mzee mmoja wa Kimarekani akauliza kama huwa anafanya kazi hapo siku zote. Baba mdogo, ndiyo picha hiyo.

Kutoka pale tukaingia kwenye ngome ya Waingereza. Walipofika walikuwa wanaume na wavulana 104, wengi wao mabwana wa kutafuta dhahabu, si wa kushika jembe. Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, kati ya watu kama 300 walibaki 60 hivi; walikula farasi, mbwa na panya. Mama alisema ndivyo inavyokuwa mkitegemea mahindi ya jirani huku mnagombana naye.

Na nyumba zao, Baba! Fito, udongo, nyasi juu. Tumelipia tiketi, tukapanga foleni, tukaingia kutazama nyumba ya udongo. Binti yangu akapiga picha, akacheka: "Watu waliishi humu kweli?" Nikamwambia mama yake kazaliwa kwenye tembe, na paa la ile ya kwetu ni udongo mtupu, mbuzi walikuwa wakipanda juu yetu tukila. Hakuamini mpaka bibi yake akathibitisha. Bibi mwenyewe alikuwa anakwaruza ukuta kwa ukucha: nyufa nyingi, udongo haukutiwa samadi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapanga. Sasa Kaka, sikiliza. Tembe ya Babu uliyotaka kuibomoa isiguswe. Ikandikwe upya kwa udongo na samadi, kinu cha zamani kitolewe stoo kiwekwe mlangoni, na choo cha wageni kichimbwe mbali. Kiingilio Mama ameshapanga: mgeni wa nje bei yake, wa ndani bei yake, na yule mjukuu aliyecheka atalipa kama Mzungu. Mabati uliyokwisha kuyanunua ezekea banda la ng'ombe.

Mwanao, Maryland.