Toboa Ukuta kwa Uvivu, Uitwe Fundi

Umeitwa kazini huko Mboko, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyopigwa plasta juzi. Mwenye nyumba anataka vyuma vya dirisha vishike kabla hajashuka mjini Baraka. Una mashine ya betri, ile inayozunguka huku inagonga. Watoto wa jirani wamekwisha kusanyika. Sogea nikunong'oneze, ndugu yangu: kazi hii inamtaka mvivu. Mwenye nguvu huiharibu.

1. Usisukume. Ndani ya mashine mna pistoni inayobana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorusha chuma kinachogonga kisogo cha meshi, yaani ule msumari unaotoboa, mara 4,000 na zaidi kwa dakika kwenye mashine nyingi. Kifua chako kitaongeza nini hapo? Ukiilalia unadhoofisha mapigo na unamaliza betri, na meshi ikiteleza unaifuata kwa meno. Funga vizuri ule mkono wa pembeni, shika kwa mikono miwili, simama miguu imeachana, egemea kidogo tu. Watazamaji wataona mtu ametulia na vumbi linatoka lenyewe. Sifa zitakuja bila jasho.

2. Chagua tofali, ikwepe beto. Juu ya dirisha kuna mkanda wa beto, na ndani yake nondo. Meshi ikikamata nondo, husimama ghafla. Mashine ndiyo inayozunguka, pamoja na kifundo cha mkono wako. Baadhi ya mashine zina klachi ya kuachia, lakini hata hiyo huachia baada ya kukutikisa. Shusha tundu kwenye tofali, mbali na ukingo wake. Matofali yetu ya tanuri si magumu sana, kwa hiyo zima nyundo na uanze kwa mzunguko wa taratibu. Ukigonga tangu mwanzo, unatoka na kipande kizima cha plasta, na hapo hakuna maneno matamu yatakayokuokoa kwa mama mwenye nyumba.

3. Zungushia meshi utepe mahali tundu linapotakiwa kuishia. Hutahesabu, hutapima tena, na kila mtu atadhani una jicho.

4. Toa vumbi. Vuta meshi nje kila baada ya muda mfupi, irudishe, endelea. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15, David Scott na James Irwin, walikuwa na mashine ya namna hii huko mwezini: inazunguka, inagonga, inatumia betri. Michirizi ya vyuma vyao ilishindwa kupandisha vumbi kwenye viungio, vyuma vikakwama, na mashimo yaliyotakiwa kufika karibu mita 3 yakaishia njiani. Chuma cha kuchukulia sampuli ikabidi wakivute wote wawili. Wewe huna sababu ya kuteseka hivyo. Na usipulize tundu kwa mdomo, litakujibu machoni. Azima pampu ya baiskeli.

5. Vaa miwani. Ukiivaa unafanana na injinia, na hiyo peke yake inapandisha bei. Ila barakoa ndiyo nakusihi hasa. Vumbi la mchanga na simenti lina silika laini kuliko unga. Likishuka kwenye mapafu hukaa huko na kuyatia makovu miaka inavyokwenda. Kitambaa cha shingoni hakilizuii. Tafuta barakoa nene yenye maandishi FFP2 au FFP3, ikubane puani.

6. Betri ya lithiamu haipendi joto. Usiiache juu ya mabati wala kwenye tandiko la pikipiki saa saba mchana. Ikitoka kazini ina moto, iweke kivulini ipoe kwanza, ndipo uipeleke kuchajiwa kwenye sola. Mapumziko hayo ni halali. Kaa, kunywa maji, tazama ukuta kama unayepiga hesabu.

7. Kubadilisha meshi: betri nje kwanza, kila mara, hata kama una haraka. Meshi ina moto pia, ishike kwa kitambaa. Halafu kuna yule kijana aliyekuwa akikutazama tangu asubuhi. Atakuambia, "Yaya, niishike kidogo." Chomoa betri, uitie mfukoni, kisha umpe mashine.